Abasia zisizo na paa: Kirkstall, Fountains na Rievaulx kwa basi na kwa miguu

Nimekulia Peramiho, ambako abasia, yaani makao makubwa ya watawa, ni mahali pa kazi: hospitali, karakana, kiwanda cha uchapaji, na kengele ya masifu kabla hakujapambazuka. Mwezi Mei nilipokwenda Leeds kumtembelea dada yangu, ambaye ni muuguzi huko, niliazimia kuziona abasia za kaskazini mwa Uingereza zilizofungwa na Mfalme Henry wa Nane na kubaki kuta. Zote tatu ni za Wasistersiani, watawa wa joho jeupe walioanzia Citeaux, Ufaransa, mwaka 1098, wakifuata Kanuni ileile ya Mtakatifu Benedikto inayofuatwa Peramiho, ila kwa ukali zaidi. Haya nimeyaandika baada ya kurudi Dar, kutoka kwenye daftari, risiti na picha za simu.

Jumanne, 13 Mei: Leeds na Kirkstall

Dada alitoka zamu ya usiku, akalala hadi saa saba mchana, kisha tukapanda basi la mjini. Njiani alinicheka. "Umekaa kwenye ndege muda wote huo uje kutazama magofu? Si ungeenda zako Kilwa!" Kilwa nimeshafika, nikamwambia, na wajenzi wa msikiti ule na hawa wa Kirkstall walikuwa hai zama zilezile.

Kirkstall iko kando ya mto Aire, ndani ya bustani ya watu wote. Vijana walikuwa wanacheza mpira hatua chache kutoka ukutani. Wamonaki walihamia hapa mwaka 1152 baada ya kushindwa kuishi Barnoldswick, ambako mvua iliwaozeshea mazao na wezi wakawamalizia kilichobaki. Abate Alexander aliyewahamisha aliongoza miaka thelathini, na alipofariki mwaka 1182 sehemu kubwa ya majengo ya mawe ilikuwa imesimama. Inaonekana ni kazi ya fikra moja: nguzo nene, matao yenye ncha chini, madirisha yenye vichwa vya nusu duara juu, na mapambo ya kuhesabu.

Kilichonishangaza ni habari ya barabara. Abasia ilipofungwa mwaka 1539 na kuachwa bila paa, barabara kuu ya kutoka Leeds ikapitishwa katikati ya kanisa. Ng'ombe, mikokoteni na magari ya farasi yalipita kati ya nguzo zile hadi mwaka 1827, barabara ilipohamishiwa nje. Mnara nao kipande kikubwa kilianguka mwaka 1779. Dada alisoma kibao, akatikisa kichwa, akasema kwao wodini wakiacha mlango wazi hata nusu saa watu huanza kukatiza vilevile.

Jioni wali na maharage. Mengine akanifungia kwenye kopo la safari.

Jumatano, 14 Mei: Ripon

Basi namba 36 linatoka Leeds kupitia Harrogate hadi Ripon. Nauli ya safari moja kwa mabasi mengi ya Uingereza ilikuwa imewekewa kikomo cha pauni 3, kama shilingi elfu kumi na moja za kwetu, na kwa umbali huu ni bei ya kutupa. Panda ghorofani, kaa kiti cha mbele. Usitafute treni ya Ripon: kituo kilifungwa mwaka 1967.

Nililala kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja mtu mzima, pauni 62 pamoja na kifungua kinywa. Kwa Ripon hiyo ni wastani. Ukifika mwishoni mwa wiki bila kuweka nafasi utaumia.

Chini ya kanisa kuu la Ripon kuna chumba kidogo cha mawe kilichojengwa na Askofu Wilfrid mwaka 672. Unashuka ngazi ukiwa umeinama, unajikuta ndani ya ukuta uliokuwa mzee tayari wakati Wasistersiani wanazaliwa. Na saa tatu usiku, mbingu ikiwa bado na mwanga, nilikwenda uwanja wa soko. Mtu mwenye kofia ya pembe tatu anapuliza baragumu kwenye pembe nne za mnara ulio katikati ya uwanja, kila usiku, kutangaza kwamba ulinzi wa mji umeanza. Wenyeji wanasema desturi hiyo ni ya tangu mwaka 886. Hailipiwi. Baada ya hapo mpulizaji hukaa akapiga soga na watu. Alipojua natoka Tanzania aliniachia nilishike lile baragumu. Ni zito kuliko linavyoonekana.

Ripon ina sehemu yake katika habari hii. Askofu Mkuu Thurstan wa York alikula Krismasi ya mwaka 1132 hapa akiwa na wamonaki 13 aliowapa hifadhi, na tarehe 27 Desemba akawapeleka kwenye bonde la mto Skell, akawaachia kipande cha msitu. Bonde lilikuwa limejaa mawe na miiba. Walianza kwa kujibanza chini ya miti.

Alhamisi, 15 Mei: Fountains

Kutoka Ripon kuna basi dogo la kwenda Fountains, lakini safari zake ni chache na hubadilika kwa msimu. Nilikwenda kwa miguu kupitia kijiji cha Studley Roger na mbuga ya paa. Mama mwenye nyumba aliniamshia mapema, akanikatia mikate miwili ya mayai bila kuiandika kwenye bili. Ni mwendo wa saa moja na nusu wa kutembea polepole, njia inaeleweka, na paa wako mamia, hawashtuki hata ukipita karibu.

Kiingilio kilikaribia pauni 20. Inauma, lakini eneo ni kubwa na siku nzima haikutosha. Ushauri wangu ni kuingilia upande wa ziwa, si upande wa maegesho makubwa. Kwa njia hiyo unapita kwanza kwenye bustani ya maji ya John Aislabie, aliyekuwa waziri wa fedha wa Uingereza, akafukuzwa bungeni mwaka 1721 kwa kashfa ya hisa za Kampuni ya South Sea, akarudi kwake akamalizia hasira kwenye mabwawa na sanamu. Mwanawe William aliinunua abasia yenyewe mwaka 1767 ili iwe mandhari ya mwisho wa bustani. Unapanda kilima, unafika kwenye kibanda kidogo, na pale ghafla bonde linafunguka na abasia yote iko chini yako. Hadi leo sijapata picha moja iliyoitendea haki.

Kwa mbali kinachoonekana kwanza ni mnara, karibu mita 50, uliojengwa na Abate Marmaduke Huby aliyeongoza kuanzia 1495 hadi 1526. Shirika la Wasistersiani lilikuwa limekataza minara ya mawe tangu karne ya 12. Huby aliujenga mrefu kuliko kitu chochote bondeni, kisha akauzungushia maandishi ya Kilatini yasemayo heshima na utukufu ni kwa Mungu peke yake. Kila mtu anaupiga picha. Mimi naona ni kitu cha kutazama mwisho.

Mzee mmoja wa kujitolea alikuwa anatembeza watu bila malipo ya ziada. Kundi lilipotawanyika nilimuuliza mabruda, watawa wa kazi za mikono, walilala wapi. Akanitazama kama mtu aliyesubiri swali hilo wiki nzima. "Njoo," akasema, na muda wake wa zamu ukapita tukiwa bado tunazunguka.

Upande wa magharibi wa ua kuna jengo refu kuliko yote, karibu mita 90. Ukiingia chini unakuta ukumbi mmoja wenye safu ya nguzo fupi katikati, na juu dari ya matao mapana vipande 22 kila upande, vinarudiarudia hadi mwisho unakuwa mdogo. Nguzo hazina vichwa vya kuchongwa. Mbavu za dari zinashuka na kuzama moja kwa moja kwenye mwili wa nguzo. Sakafu ni changarawe, ubaridi unakupanda kuanzia miguuni, na juu popo wanachakura. Zamani hapakuwa wazi hivi. Palikatwa kwa kuta: huku ghala, huku chumba cha kupokelea wageni wa biashara, na upande wa kusini ukumbi wa chakula wa mabruda. Ghorofani, ambako sasa ni anga, lilikuwa bweni lao, na vyoo vyao viko mwishoni kabisa, juu ya mto.

Abasia ya Kisistersiani ilikuwa nyumba mbili ndani ya ua mmoja. Upande wa mashariki wamonaki wa kwaya, waliojua kusoma, walioimba masifu usiku na mchana. Upande wa magharibi mabruda, wenye ndevu, waliofundishwa kwa kichwa Baba Yetu, Nasadiki na sala nyingine chache, na hawakuruhusiwa kuwa wamonaki hata wangekaa miaka hamsini. Hata kanisani walitenganishwa kwa ukuta: sehemu ya kati ya kanisa, upande wa magharibi, ilikuwa yao. Hao ndio waliochunga kondoo, waliolima mashamba ya mbali, waliochoma chokaa na kuvuta mawe. Wazo lilikuwa kwamba shamba lisiwe mbali kuliko mwendo wa siku moja, ili bruda arudi nyumbani Jumapili.

Na sufu ikaleta pesa. Francesco Pegolotti, mfanyabiashara wa Florence wa karne ya 14, aliorodhesha abasia za Uingereza na uzito wa sufu yao. Fountains ameiandikia magunia 76 kwa mwaka, na gunia moja la sufu lilizidi kilo 160. Wanunuzi wa Italia walilipa miaka kadhaa kabla kondoo hawajanyolewa. Mtu wa Kagera akisikia hivyo atasema ni butura ileile, kahawa inauzwa ingali ua, na mwisho wake ulikuwa uleule: kondoo walipopata ugonjwa, mwishoni mwa karne ya 13, abasia tajiri kuliko zote za Kisistersiani nchini ikajikuta na deni la maelfu ya pauni.

Mzee alinipeleka kwenye ukingo wa mto. Skell ulikuwa chini sana kwa ukame wa majira yale, ukaonekana vizuri mahali unapopita chini ya jengo. Hospitali ya wamonaki ilijengwa juu ya mifereji minne ya mawe, yaani mto umegawanywa na jengo likawekwa juu yake. Maji yaliingia bondeni safi, yakasaga nafaka kwenye kinu, yakapita jikoni, na mwisho yakabeba uchafu wa vyoo. Kinu bado kipo, cha karne ya 12, na ndani yake unaingia. Kukitazama kile kinu ndipo nilipojisikia niko Peramiho.

Kanisani kwenyewe, nenda hadi mwisho wa mashariki, kwenye chumba cha altare tisa kilichomalizika kabla ya katikati ya karne ya 13. Kila mmonaki aliyekuwa padre alihitaji altare ya kuadhimishia misa, na mapadre walikuwa wameongezeka. Nguzo zake ni nyembamba na ndefu kiasi kwamba ukigeuka kutazama nguzo nene za sehemu ya mabruda, za karne moja nyuma, hutaamini ni nyumba moja. Udongo ulicheza, kuta zikapasuka, na mwaka 1483 Abate Darnton akaziba. Juu ya dirisha mojawapo, mahali pa ufa, kuna jiwe lenye malaika upande wa ndani. Toka nje, inua macho: upande wa pili ni sura ya mtu anayetoa majani mdomoni. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, abate wa Kisistersiani wa karne ya 12, aliandika maneno makali dhidi ya michongo ya namna hiyo kwenye nyumba za watawa. Miaka mia tatu na nusu baadaye nani angemkumbuka.

Mabruda walikuwa karibu wamekwisha tayari. Tauni ya mwaka 1348 na 1349 iliua wengi, mashamba yakakodishwa kwa wakulima wa kawaida, na jengo la mita 90 likabaki ghala. Tarehe 26 Novemba 1539 abate wa mwisho alikabidhi funguo, na mwaka uliofuata mfanyabiashara wa London, Sir Richard Gresham, akanunua eneo. Mawe mengine unayaona kwenye jumba la Fountains Hall, lililojengwa pale langoni kati ya 1598 na 1604.

Chakula: keki ya zabibu ikiwa na kipande cha jibini la Wensleydale juu yake, na chai, pauni 8 na senti. Keki na jibini pamoja ni jambo la Yorkshire, usiogope. Jibini lenyewe wenyeji wanasema asili yake ni Wasistersiani wa Jervaulx, bonde la jirani.

Ijumaa, 16 Mei: York

Kuna basi la moja kwa moja kutoka Ripon hadi York, la nadra. Nililisubiri saa moja na dakika ishirini, halikuja, na simu ya kampuni haikupokelewa. Mama mmoja mwenye kikapu, tuliyekuwa tunasubiri naye, alinigawia biskuti, kisha akaniambia niache kujitesa: rudi Harrogate kwa 36, panda treni. Nikafanya hivyo. Ukiwa na ratiba ya kubana, anza na njia hiyo moja kwa moja.

York nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni magofu ya Abasia ya Mtakatifu Maria, kwenye bustani ya makumbusho, bure. Hapa ndipo wale wamonaki 13 walipotoka. Ilikuwa abasia ya Kibenedikto yenye mali, na Prior Richard, msaidizi wa abate, na wenzake waliona Kanuni imelegea: chakula kingi, maneno mengi, ukimya kidogo. Mwezi Oktoba 1132 Askofu Mkuu Thurstan alifika kusuluhisha, akazuiwa mlangoni kwenye ukumbi wa mkutano, zikazuka vurugu, na askofu na wale waliotaka mabadiliko wakajifungia kanisani hadi walipoweza kutoka. Wamonaki wakirushiana mikono! Nilikaa pale kwenye nyasi nikamalizia wali wa dada.

Ya pili ni kanisa kuu la York. Kiingilio cha watalii ni kikubwa, lakini ibada ya masifu ya jioni, siku nyingi saa kumi na moja na nusu, haina kiingilio. Nenda kusali kweli, kamera mfukoni. Upande wa kaskazini kuna madirisha matano membamba marefu wanayoyaita Dada Watano, ya katikati ya karne ya 13, kioo chake kijivujivu, karibu hakina rangi. Yakumbuke hayo madirisha.

Jumamosi, 17 Mei: Helmsley na Rievaulx

Basi la Helmsley ni zaidi kidogo ya saa moja. Kutoka Helmsley unafuata njia ya miguu ya Cleveland Way, kama kilomita tano, mabonde na msitu wa maua ya buluu yaliyokuwa yanaishia. Vaa viatu vya kushika ardhi.

Rievaulx ilianzishwa Machi 1132, miezi michache kabla ya Fountains, na wamonaki 12 waliotumwa na Bernardo kutoka Clairvaux. Ardhi waliipewa na Walter Espec, bwana wa Helmsley. Bonde la mto Rye ni jembamba mno hivi kwamba kanisa halikuweza kulazwa mashariki-magharibi kama desturi. Limelala karibu kaskazini-kusini. Baadaye abasia nyingine ikaanzishwa ng'ambo ya mto, karibu kiasi kwamba kila nyumba ilisikia kengele za mwenzake kwa saa zisizo zake, hadi mwaka 1147 majirani wale wakakubali kuhama. Kuna watu watacheka, lakini aliyewahi kuishi kati ya misikiti miwili na makanisa matatu anaelewa.

Ukuta wa altare hapa umesimama karibu hadi juu, ghorofa tatu za matao, na huu ndio uzuri mkubwa kuliko wa Fountains kwa macho yangu. Mwandishi wa maisha ya Abate Aelred, mmonaki Walter Daniel, anasema Rievaulx ilifikia wamonaki 140 na mabruda na vibarua 500. Aelred aliongoza kuanzia 1147 hadi 1167 akiwa mgonjwa wa viungo na mawe ya figo. Miaka ya mwisho alikaa chumba kidogo karibu na hospitali, na wamonaki ishirini, thelathini wakimjia kila siku, wengine wakikaa hadi kitandani kuzungumza naye. Hakuwafukuza.

Mwaka 1538 walibaki ishirini na kidogo. Maafisa wa mfalme walivua metali ya risasi iliyofunika paa, wakaiyeyusha palepale na kuipiga mhuri wa taji. Mapande manne yalifunikwa na ukuta ulioanguka, yakasahauliwa hadi miaka ya 1920. Yalipopatikana, risasi ile ilitumika kuunganishia upya vioo vya yale madirisha ya Dada Watano kule York. Pande moja limewekwa kwenye makumbusho ya hapo Rievaulx, na mhuri unaonekana waziwazi.

Kwetu Wasistersiani walifika pia. Wale wa Kipkelion, Kenya, walianza miaka ya 1950, na baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007 wakahamia Uganda. Mokoto, Kivu ya Kaskazini, bado wapo.

Nikipanda kilima kurudi Helmsley, gari la mfugaji likasimama. Nyuma kulikuwa na mbwa wawili na magunia ya sufu. Nilimwambia habari za Pegolotti na magunia 76. Alicheka hadi akapunguza mwendo: siku hizi, alisema, pesa ya sufu haimlipi hata mnyoaji, ananyoa tu kondoo wasiugue joto, na mwaka mwingine mengine huishia kuoza bandani. Akanishusha uwanja wa soko, akakataa pesa, akaonyesha kwa kidole duka la kununua pai. Pauni 4, ya nyama, ya moto. Basi la York lilifika kwa wakati.